Sindano kwa Pesa ya Kuvua Nyeusi

Tarehe tisa mwezi wa pili, mwaka juzi, tulimzika mume wangu Déo. Alikuwa dereva wa lori la makontena. Alifia kwenye foleni ya kuingia bandarini, injini ikiwa inanguruma, na waliokuwa nyuma yake walipiga honi muda mrefu kabla mtu mmoja hajashuka kwenda kuangalia. Hicho ndicho nilichopoteza. Sitakisema sana hapa, kwa sababu nimekaa kuandika jambo la furaha, na nina hamu ya kulifikia.

Ninaandika kwa ajili ya mama yeyote mwenye ngiri na mwili mkubwa, ambaye daktari amemwambia "punguza kwanza" na bima ikamwambia "hiyo hatulipii". Nilisoma miaka miwili tu ya sekondari kule Uvira, Kongo, kabla vita havijatukimbiza, kwa hiyo ya kitaalamu nawaachia wenyewe. Nitasema yaliyonipata, na bei zake, kwa sababu bei ndizo nilizozitafuta kwa watu nikakosa wa kuniambia.

Kwetu mjane haachwi na sahani tupu. Wakati wa matanga wamama wa kanisa walileta fufu, sombe la majani ya muhogo na samaki wa kukaanga, na kila aliyeingia alikaa karibu yangu akasema, "Kula, Mama Neema, utatoa wapi nguvu ya kulia?" Nikala. Matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, mimi nikaendelea kula. Nilikula nikitoka kazini, nikala nikipika, nikala nikiosha vyombo. Tangu zamani nilikuwa mnene, lakini mwaka ule nilifika kilo mia moja kumi na nane. Na kwenye mshono wa zamani, pale waliponipasua nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho, pakatokeza kitu kama ngumi ya mtoto. Baadaye kikawa kama parachichi. Nikilala kilirudi ndani, nikisimama kikatoka.

Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Queensburgh, hapa Durban, Afrika Kusini. Ninawaogesha, ninawageuza, ninawakalisha kwenye viti. Siku moja mwezi wa kumi nilikuwa ninamwinua gogo mmoja, ndivyo bibi mzee anavyoitwa hapa, nikasikia ndani kama shuka linachanika. Wenzangu walinipeleka kwenye hospitali ambayo bima yangu inaikubali. Bima hiyo naipata kupitia kazini. Ni ya bei ya chini kabisa, lakini ni bima.

Viti vya pale vyote vilikuwa na mikono, nami sikuenea. Nikasimama ukutani kama nangoja mtu. Mlinzi wa mlangoni, Mrundi, alinitazama mara moja tu, akaingia chumba fulani, akatoka na kiti cha plastiki. "Mama, kaa hapa. Hiki hakina mikono." Akarudi mlangoni kwake. Nilikaa nikamwombea.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa Durban hii hii, mwenye sauti ndogo. Alinipima, akaniambia kwamba akinishona na uzito ule mshono utafumuka, na tena dawa ya usingizi itayaelemea mapafu yangu. "Rudi ukiwa chini ya kilo mia moja," akasema. "Lakini siku uvimbe huu ukiwa mgumu, ukakataa kurudi ndani, na ukaanza kutapika, usingoje hata taxi. Piga simu ya dharura. Siku hiyo nitakupasua hata ukiwa na kilo mia mbili. Ila siku hiyo sitakuahidi kitu."

Watoto wangu ni watatu, na baba yao alikuwa ameshaondoka. Hayo maneno ya "sitakuahidi kitu" nilitembea nayo kila mahali.

Nilijaribu mwenyewe. Nisimdanganye mtu: nilishuka kilo nne, nikapanda tano.

Binti yangu mkubwa, Neema, anauza simu katika duka moja mjini. Jioni moja alirudi amekunja uso kama mtu mwenye siri.

"Mama, iko dawa," akasema. "Unajichoma hapa mu tumbo, mara moja kwa juma. Dokiteri unaongea naye kwa simu, munaonana kwa kioo. Sindano inakuja nyumbani mu sanduku ya baridi."

"Bei?"

"Usianze na bei."

"Neema. Bei?"

"Three thousand rand. Na kitu kidogo juu."

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwezi, Mama."

Kesho yake nilipiga simu kwa bima. Nilisikiliza muziki wao mpaka nikaujua. Mwishowe dada mmoja alinieleza kwa adabu kwamba dawa za kupunguza uzito hazimo katika mpango wangu, na hazimo hata katika ile mipango ya matajiri. Aliziweka kundi moja na kung'arisha meno. Nikamwambia mimi nina ngiri. Akasema upasuaji wa ngiri wanaulipia wote, hata kitanda na chakula. Nikamwambia lakini upasuaji hauwezekani bila dawa. Akasema, "Samahani, Mama. Uzito hatulipii."

Basi nikafikiria likelemba. Sisi wamama kumi na wawili wa kanisa tunachanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea zote. Zamu yangu ilikuwa mwezi wa kwanza, na pesa ile ilikuwa na kazi yake tayari. Kwetu, mwaka ukitimia, mjane anavuliwa nguo nyeusi. Dada wa marehemu ndiye anamvua, anamwogesha, anamvika kitenge kipya, kisha watu wanakula na kucheza mpaka asubuhi. Kabla ya siku hiyo mjane havai rangi, hasuki nywele, hachezi. Wifi yangu Zawadi, dada wa Déo wa pekee, anayesuka nywele saluni, alikuwa ameshachagua ukumbi na mpiga ngoma.

Nilimwambia jikoni kwangu. Nilichagua jikoni kwa sababu mikono ingekuwa na kazi.

"Nyeusi nitavua baadaye, wifi. Pesa ya likelemba nataka kununua sindano."

"Sindano ya nini?"

"Ya kupunguza mwili. Ili wanipasue."

"Eh! Mukuje musikie!" Alikuwa anaita watu, na jikoni tulikuwa sisi watatu tu, mimi, yeye na Neema. "Kaka yangu angoje mu udongo juu weye unatafuta kiuno?"

"Ni ngiri, Zawadi."

"Ngiri! Mama yetu alikaa na ngiri miaka makumi mbili, akakufa na malaria! Mjane wa kukonda mbiombio, hata mtoto wa nursery anajua anatafuta nini."

"Natafuta nini?"

"Bwana!"

Neema akageukia kabati na kutafuta chumvi iliyokuwa mezani.

Mimi si mtu wa kugombana. Nilimuuliza tu, "Nikifa, hicho kitenge kipya utamvika nani?" Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumaliza chai. Wamama wa likelemba walinipa pesa yangu bila kunihoji. Mama Jeanne, kiongozi wao, alisema pesa ya zamu ni ya mwenye zamu, hata akitaka kuitupa baharini.

Sasa nitaeleza kosa letu, ili usilirudie. Ile huduma ya daktari wa simu ilitaka fomu ijazwe kwenye simu, na mwisho wa fomu iliomba picha mbili za mwili mzima, ya mbele na ya ubavu. Kwetu, picha inayokwenda kwa wakubwa haipigwi jikoni. Nilivaa vizuri nikaenda kwa Papa Fiston, mwenye studio, anayepiga harusi, ubatizo, na zile picha tunazotuma nyumbani ili wajue tuko salama. Papa Fiston ana sifa moja: hakuna anayetoka kwake jinsi alivyoingia. Anaondoa jasho, anaondoa makovu, anang'arisha uso. Ndiyo heshima yake kwa mteja, na watu wanamlipa kwa hiyo.

Picha zilipokuja nilifurahi sana, na hapo ndipo akili ilinitoka. Niliona shingo. Nilikuwa sijaiona shingo yangu miaka mingi. Tukazituma.

Jibu lilikuja kwamba ombi limesimamishwa. Picha hazifanani na kilo nilizoandika, na wanahofia nanunua dawa ili kuiuza. Neema alikwenda studio anawaka, mimi nikimfuata kwa pumzi fupi.

"Papa Fiston, umetoa tumbo ya Mama!"

"Nimeitoa bure, mwanangu. Sikuongeza bei."

"Ile tumbo ndiyo dokiteri alikuwa anataka kuona!"

Papa Fiston aliitazama picha kwa huzuni ya fundi aliyekosewa shukrani. "Sasa mungeniambia. Naweza kuirudisha. Hata naweza kuongeza."

Tulipofika nje Neema alikuwa bado amekasirika, lakini mimi nilianza kucheka, na yeye akashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikabadilika mara mbili hatujavuka. Tangu mazishi sikuwa nimecheka hivyo.

Ikabidi tuonane na muuguzi wao kwa kioo cha simu. Siku hiyo Zawadi alikuja kuchukua masufuria yake. Aliniamkia kwa ncha ya mdomo, akasimama mlangoni. Muuguzi alikuwa dada wa Kizulu aliyefunga nywele kwa kitambaa cha njano. Aliniomba nisimame, nigeuke, halafu akaniomba ninyanyue blauzi aone ngiri. Nikasita. Nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote wa familia. Neema mwenyewe aliijua kwa maneno tu. Nikanyanyua.

Nyuma yangu nilisikia masufuria yanawekwa chini. Zawadi alikuja mpaka mbele ya simu, akaninamia, akaangalia. Kisha akaigeukia simu na kusema kwa Kiingereza chake cha saluni: "Sista, huyu ni mke wa kaka yangu. Picha ilikuwa uongo, mwili ni wa kweli. Andika."

Muuguzi alicheka mpaka akafunika mdomo. Akaandika.

Sanduku la kwanza lilifika siku ya mvua, mwezi wa pili unaisha, dereva akipiga honi getini. Ndani kulikuwa na barafu za mifuko na kitu kama kalamu nene. Muuguzi alinielekeza kwa simu. Nilitegemea maumivu, nikapata kama kuumwa na mbu. Juma la kwanza nilipata kichefuchefu asubuhi na jioni, nikacheua harufu ya mayai ambayo sikula. Choo kilifunga. Baadaye nywele zilidondoka kidogo, na ngozi ya mikono ikaanza kuning'inia kama sweta ya mtu mwingine. Hayo nayasema ili uyajue.

Lakini njaa! Njaa ilinyamaza! Sijui nieleze vipi. Ni kama jirani mwenye redio ya kelele amehama. Nilipita mbele ya mkate nikauona ni mkate tu. Nilimpigia Neema kazini kumwambia kwamba nimebakiza nusu ya wali kwenye sahani na sina haja nayo, akadhani nimeugua. Kila Jumatatu asubuhi nilipanda mizani ya wazee kule kazini, na kila nilipoteremka nilitaka kumkumbatia mtu, na gogo aliyekuwa karibu ndiye alipata.

Na jambo jingine, ambalo hakuna aliyenionya. Njaa ilipoondoka, nyuma yake nilimkuta Déo. Kumbe mwaka mzima nilikuwa ninamfunika kwa sahani. Mwezi wa tatu na wa nne nililia kuliko wakati wa matanga, kwenye taxi, kwenye chumba cha kufulia, nikifungua jokofu kuchukua sindano. Nililia nikiwa mwepesi, na haikunidhuru.

Kuhusu bei: ile ya mwezi wa kwanza usiipigie hesabu ya mwaka. Dozi inapanda, na bei inapanda nayo. Kuna ada ya kuongea na daktari, inalipwa peke yake. Kuna ya kuleta sanduku, nayo peke yake. Na atatokea mtu kanisani au saluni mwenye chupa za bei nafuu zilizosafiri mkobani bila barafu. Alitokea na kwangu. Nilimshukuru nikaziacha.

Mwezi wa sita, sardini zilipofika pwani, watu wakikimbilia maji na ndoo, pesa yangu ya likelemba ilikuwa imekwisha. Mizani ilisema mia moja na saba. Jumatatu moja ikapita bila sindano, na ya pili. Yule jirani mwenye redio akarudi. Na Alhamisi, kazini, ngiri ilikuwa ngumu. Nilijaribu kuisukuma, ikakataa. Nililala chini kwenye sakafu ya chumba cha shuka, miguu nimeiinua ukutani, mwenzangu ameshika simu tayari kupiga, mimi ninamwambia Mungu majina ya watoto wangu mmoja mmoja. Ikarudi. Ilichelewa, lakini ikarudi.

Nilipoweza kukaa, nilipiga simu kwa bima palepale. Akapokea dada mwingine. Nilimwambia niko chini kwenye sakafu na kwa nini niko chini. Aliniuliza maswali, nikasikia anaandika, kisha akashusha sauti.

"Mama, ukiuliza dawa ya uzito, mimi sina jibu lingine ila hapana. Usiulize uzito. Uliza upasuaji. Mpasuaji aandike kwamba dawa hii ni matayarisho ya upasuaji ambao tumeshakubali kuulipia. Aandike pia itakuwaje ukija kwa dharura. Halafu omba ipelekwe kwenye kamati ya hiari. Hailazimiki kukubali. Lakini inasoma."

"Kamati hiyo inakaa lini?"

"Mara moja kwa mwezi. Wahi."

Mpasuaji wangu aliandika siku ileile nilipomwendea, na daktari wa simu akaandika yake, akaambatanisha kilo zangu za kila mwezi. Tukangoja. Kamati ilikaa, ikataka nipimwe upya na muuguzi wa duka la dawa. Nikapimwa. Tukangoja tena.

Katika kungoja huko, kanisani maneno yalikuwa yamepikwa yakaiva. Mjane bado yuko katika nyeusi, mwaka umepita, hakuna karamu, na blauzi inamwogelea. Jumamosi moja wamama wakaja na Mama Jeanne mbele, masufuria vichwani na chupa ya mafuta ya upako. Waliimba kwanza, wakakaa, wakanitazama mashavu. Zawadi alikuwepo, anamsuka mwanangu mdogo wa kike.

"Mama Neema," Mama Jeanne akaanza kwa upole sana, "ugonjwa si haya. Siku hizi iko vidonge. Watu wanameza, wanakaa miaka."

Nilielewa walichofikiri.

"Vidonge vya nini?" Zawadi alisimama na kitana mkononi. "Huyu iko na ngiri! Munajua ngiri? Wifi, onyesha hawa watu."

"Zawadi..."

"Onyesha!"

Nikaonyesha. Wamama wakasogea, wakasema "Yesu!" wote pamoja. Nikawaeleza habari ya sindano, na bima, na kamati. Mama Jeanne alisikiliza mpaka mwisho, akafungua chupa yake ya mafuta.

"Iko wapi hiyo kamati?"

"Johannesburg, nafikiri."

"Hakuna mbali kwa Mungu." Akainua mikono. "Bwana, ingia mu hiyo kamati! Kaa mu kiti ya mwenyekiti! Anayesema hapana, umupe kiharusi... hapana, Bwana, usimupe kiharusi, umupe moyo ya nyama!"

"Amina!" wakaitika, na Zawadi kwa sauti kuliko wote. Kisha wakafunua masufuria, nami nikala vijiko vinne vya sombe mbele yao, wakiwa wananihesabia.

Simu ilinikuta kazini mwezi wa nane, ninakunja mataulo. Yule dada wa bima alisoma taratibu: kamati imekubali kulipia sindano mpaka siku ya upasuaji, isizidi miezi minne. Ada ya daktari na ya kuleta sanduku nilipe mwenyewe. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Magogo wawili waliamka, mmoja akauliza kama moto umewaka. Nikampigia Zawadi, na kwa sababu nilikuwa ninalia na kupiga vigelegele kwa pamoja, yeye alisikia kilio tu.

"Nani amekufa? Sema! Nani amekufa?"

"Hakuna! Hakuna aliyekufa! Wamekubali!"

Nilisikia saluni nzima inapiga vigelegele, hata wateja wasionijua.

Miezi ile ilikimbia. Pete ya Déo ilianza kuzunguka kidoleni, nikaihamishia dole gumba. Nilikaa kwenye kiti chenye mikono. Nilifunga viatu vyangu mwenyewe bila kushikilia ukuta. Mwezi wa kumi na moja, kwenye duka la dawa, muuguzi alisoma mizani, akaigonga kidogo, akasoma tena: tisini na tisa na nusu. Akaniambia niteremke nipande upya. Ikasema vilevile. Nikampigia mpasuaji nikiwa bado juu ya mizani.

Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, matunda ya lichi yanauzwa barabarani, siku nilipolazwa. Zawadi alinisindikiza. Tulikuwa wodi ya vitanda vitatu, na muuguzi alileta gauni la karatasi akasema nivue kila kitu, mpaka kitambaa cha kichwa na hereni. Nikaanza kufungua blauzi yangu nyeusi. Zawadi akanishika mkono.

"Ngoja. Hii ni kazi yangu."

"Zawadi, hapa ni hospitali."

"Na mimi ni dada yake Déo hata hospitalini." Akavuta pazia, lakini halikufika mwisho, na mama wa kitanda cha pili alikuwa anatuona. Alinivua kitambaa, blauzi, sketi, kipande kwa kipande, akivikunja. Akachukua bakuli la maji na sponji ya muuguzi, akanipangusa uso, mabega na miguu. Akasema yale maneno ambayo yanasemwa kwetu, kwamba deni la machozi limelipwa, na aliyelala alale, na aliyebaki aishi. Sauti yake ilikatika katikati, akaanza upya. Halafu akanivika gauni la karatasi na kulifunga nyuma kwa mafundo mawili.

"Karamu gani hii," akasema, akifuta pua, "mjane amekatazwa hata maji."

Muuguzi alikuwa amesimama nje ya pazia na kitanda cha magurudumu. Hakutuharakisha. Huyo naye nilimwombea, dawa ya usingizi ilipokuwa inaingia.

Kuhusu upasuaji sina la kueleza, nililala. Niliamka na maumivu ya kweli, kinywa kikavu, na mkanda mpana kiunoni. Zawadi alikuwa amekaa miguuni na kitenge cha kijani na chungwa, kipya, chenye mikunjo ya dukani. Akanifunika nacho.

Bima ililipa upasuaji, kama walivyosema. Sindano zilikoma siku ileile, kama walivyosema. Tangu hapo kilo tatu zimerudi. Njaa nayo inabisha hodi, nami ninamwambia daktari wa simu ukweli kila tunapoongea, na tunatafuta njia ya bei ninayoiweza. Sijaipata bado. Ungeniuliza kama ningefanya tena, ningekujibu kabla hujamaliza swali.

Wiki iliyopita nilirudi kwa mpasuaji kukaguliwa. Alinisimamisha mbele yake, akaondoa plasta ya mwisho, akaweka vidole viwili juu ya kovu.

"Kohoa," akasema.

Nikaogopa. Nikakohoa kidogo.

"Kohoa kama mtu."

Nikakohoa kwa nguvu zote. Nilisubiri kusikia kinachotokeza chini ya vidole vyake. Hakikutokeza kitu. Aliviacha pale muda kidogo zaidi, akaviondoa, akageuka kunawa mikono.

"Imeshika," akasema. "Nenda kavae."

Nikakohoa mara ya tatu, bila kuambiwa.